Ramani Juu ya Ramani

Mtu anayetaka kujenga nyumba huuliza maswali mengi kwa pamoja. Je, mahali hapa pana maji? Udongo wake wafaa? Njia iko karibu? Mvua ikizidi, maji yatapita wapi? Kila swali lina jibu lake, na mtu mwenye busara huyakusanya majibu hayo kichwani mwake, akayapima, kisha akaamua. Nyumba ni jambo dogo na kichwa kimoja chatosha. Lakini swali likiwa la wilaya nzima au la nchi nzima, kichwa hakitoshi tena. Hapo ndipo watu walipoanza kuweka ramani juu ya ramani. Kazi hiyo baadaye ilitoka katika karatasi ikaingia katika tarakilishi, na habari za safari hiyo zina sehemu moja iliyoanzia katika nchi yetu ya Kenya, ingawa Wakenya wanaoijua ni wachache.

Mnamo mwaka wa 1960 kijana mmoja mzaliwa wa Uingereza, jina lake Roger Tomlinson, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Spartan Air Services ya mji wa Ottawa, huko Kanada. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kupiga picha za nchi kutoka katika ndege na kutengeneza ramani. Ilitakiwa itafute mahali panapofaa kupanda misitu mipya katika Kenya. Msomaji asidhani kuwa swali hilo lilikuwa jepesi. Mti hauoti popote mtu apendapo. Yatakiwa mvua ya kutosha, udongo wa kufaa, na mteremko usiozidi kiasi. Tena yatakiwa barabara ya kutolea magogo, na ardhi ambayo haijashikwa na kazi nyingine iliyo bora zaidi. Hakuna ramani moja inayoonyesha hayo yote. Ramani ya udongo haijui habari za barabara, na ramani ya mvua haijui habari za mashamba.

Njia iliyojulikana wakati huo ilikuwa kuchora kila jambo katika karatasi yake inayopenyeka nuru, kuziweka karatasi hizo moja juu ya nyingine juu ya meza yenye taa chini yake, na kutazama ni wapi mambo mema yote yamekutana. Kisha fundi angepima kwa mkono ukubwa wa kila kipande kilichopatikana. Tomlinson alipopiga hesabu ya saa na mishahara ya mafundi, aliona gharama imepita kiasi. Hesabu ikapelekwa, ikakataliwa, na kazi ile ya Kenya haikuendelea. Lakini swali halikumtoka moyoni. Alifikiri kwamba, ikiwa ramani ingeweza kugeuzwa kuwa namba, basi tarakilishi ingeweza kuweka ramani juu ya ramani bila kuchoka.

Siku zile tarakilishi zilikuwa mashine za kuhesabu mishahara na hesabu za benki, kubwa kama vyumba, na watu wengi hawakuona ramani ina uhusiano gani nazo. Katika mwaka wa 1962 Tomlinson alisafiri kwa ndege, akajikuta ameketi karibu na mtu aitwaye Lee Pratt, ofisa wa serikali ya Kanada. Pratt alikuwa amekabidhiwa shughuli kubwa ya kukagua ardhi ya nchi yake: ni ardhi ipi ifaayo kwa kilimo, ipi kwa misitu, ipi kwa wanyama wa porini na ipi kwa mapumziko ya watu. Ukaguzi huo ulihusu eneo la maili za mraba kama milioni moja. Walipokadiria kazi ya kulinganisha ramani zote hizo kwa mikono, ilionekana kuwa ingehitaji mafundi zaidi ya 500 kwa muda wa miaka mitatu, na Kanada nzima haikuwa na mafundi wengi kiasi hicho. Basi wazo lililokataliwa kwa ajili ya misitu ya Kenya likapata kazi katika mashamba ya Kanada.

Chombo kilichotoka katika mazungumzo yale kiliitwa Mfumo wa Habari za Jiografia wa Kanada. Kampuni ya IBM ilitengeneza mtambo maalumu wenye pipa kubwa lililozungushiwa ramani, nao ukaisoma mistari yake na kuigeuza kuwa namba. Lakini ubora wa mfumo ule, kwa maoni yangu, haukuwa katika pipa. Ubora wake ulikuwa katika uamuzi mmoja: kila jambo liliwekwa mbali na jingine. Udongo ulikaa peke yake, misitu peke yake, matumizi ya sasa ya ardhi peke yake. Kila moja lilikuwa tabaka. Mtu alipouliza swali, mashine iliyalaza matabaka mawili au matatu pamoja, ikatoa jibu, na matabaka yenyewe yakabaki kama yalivyokuwa, yakingoja swali jingine.

Ili tuone uzito wa uamuzi huo, na tutazame njia nyingine iliyosifiwa sana katika miaka ile ile. Ian McHarg, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, alichapisha kitabu chake kiitwacho Design with Nature mwaka 1969. Humo alieleza jinsi ya kuchagua njia ya barabara kuu. Kila jambo lenye thamani lilichorwa katika karatasi angavu: palipo na thamani kubwa pakatiwa rangi nzito, palipo na thamani ndogo rangi hafifu. Karatasi zote zikiwekwa pamoja, mahali penye giza panasema, "Barabara isipite hapa," na mahali penye nuru panasema, "Pita." Njia hii iliwafunza watu wengi kuiheshimu ardhi kabla ya kuichimba, na sifa zake ni za haki. Hata hivyo ina kasoro. Karatasi zikiwa kumi, mtu huona giza tu. Hajui kama giza hilo limeletwa na msitu, au na chemchemi, au na makao ya watu; wala hajui kama limeletwa na jambo moja kubwa au na mambo matano madogo yaliyojumlishwa. Mwenye shamba akiuliza kwa nini barabara imepitishwa kwake, haitoshi kumwonyesha kivuli. Inabidi karatasi zitenganishwe tena, moja moja, mbele yake.

Wakati huo huo, picha zenyewe zilikuwa zikibadilika. Tarehe 23 Julai, 1972, Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Ndani yake mlikuwa na vyombo viwili vya kuona. Cha kwanza, ambacho wakubwa walikitegemea zaidi, kilikuwa kamera zilizofanana na za televisheni. Cha pili kilikuwa kioo kidogo kilichotikisika huku na huku kikiifagia dunia mstari kwa mstari, na kilibuniwa na mhandisi mwanamke, Virginia Norwood, wa kampuni ya Hughes. Wengi walikitilia shaka. Walisema chombo kinachotikisika hakiwezi kuchora ramani iliyo sawa. Kumbe kamera zile zilipata hitilafu ya umeme baada ya majuma machache zikazimwa, na kioo cha Norwood ndicho kilichofanya kazi yote.

Kioo hicho hakikupiga picha moja. Kilipiga picha nne kwa mara moja, za mahali pale pale: moja ya mwanga wa kijani, moja ya mwanga mwekundu, na mbili za mwanga wa infraredi ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Kila picha ilikuwa ya kijivu, nayo ilifunika nchi yenye upande wa kilomita 185 hivi. Kila punje ya picha, ambayo wataalamu huiita pikseli, ilisimama badala ya kipande cha ardhi chenye upana wa mita kama 80. Kwa hiyo picha ya setilaiti tangu kuzaliwa kwake ni matabaka. Hakuna picha ya rangi hata moja iliyoshuka kutoka angani. Rangi hutiwa hapa chini na mtu anayeamua tabaka lipi lionyeshwe kwa wekundu, lipi kwa kijani na lipi kwa samawati.

Desturi iliyozoeleka ni kulipa tabaka la infraredi rangi nyekundu. Sababu yake ni hii. Jani lililo hai hunywa mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, bali mwanga wa infraredi hulitupa nyuma kwa wingi. Kwa hiyo msitu mnene huonekana mwekundu kama damu katika picha hizo, na mwanafunzi anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani umeshika moto. Katika miaka ya 1970 wataalamu walipata pia hesabu fupi ya kuunganisha matabaka hayo mawili: chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla yake. Jibu likikaribia moja, majani ni mengi. Likikaribia sufuri, ardhi ni tupu. Jibu hilo nalo likawa tabaka jipya, lililozaliwa na mengine mawili.

Nairobi haikuachwa nyuma katika mambo haya. Mwaka 1975 kilianzishwa hapo kituo cha mataifa ya Afrika cha upimaji, ramani na kutazama ardhi kutoka mbali, ambacho siku hizi hujulikana kwa herufi RCMRD, na vijana wa nchi nyingi wamefundishwa humo kuzisoma picha za setilaiti. Na kadiri tarakilishi zilivyopungua ukubwa na bei, programu za kuchambulia picha zilitoka katika majumba ya serikali zikafika katika meza za watu wa kawaida. Programu iitwayo QGIS, ambayo Gary Sherman wa Alaska aliianza mwaka 2002, hutolewa bure kwa yeyote aitakaye, na shule yenye tarakilishi moja nzuri yaweza kuitumia.

Sasa yafaa tueleze jinsi kazi inavyotunzwa ndani ya programu kama hizo, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kazi moja huitwa mradi. Mtu anapohifadhi mradi, hudhani kwamba amehifadhi picha zake ndani yake, kama mtu atiaye nguo sandukuni. Sivyo. Faili la mradi ni kama daftari la karani wa ghala. Limeandikwa humo kwamba picha fulani iko katika rafu fulani, kwamba yatakiwa ilazwe juu ya nyingine, kwamba ionyeshwe kwa rangi hizi na kwa uangavu huu. Picha yenyewe imebaki katika rafu yake. Karani akihamisha mzigo bila kuandika, daftari litasema uongo pasipo kosa la daftari. Mtu akimpelekea mwenzake faili la mradi pekee, amempelekea orodha ya mali pasipo mali.

Utengano huo una faida yake. Picha asili haiguswi. Mchambuzi aweza kuipaka rangi, kuikata, kuifunika, kuiongezea nuru, na yote hayo yameandikwa katika daftari, si juu ya picha. Akikosea, hufuta mstari mmoja wa daftari. Wasanii na wapiga picha waliipata faida kama hiyo mwaka 1994, matabaka yalipoingizwa katika toleo la tatu la programu ya Photoshop. Kabla ya hapo, kipande kikishabandikwa juu ya picha na kuachwa, kilikuwa kimeungana nayo kama chumvi na maji. Tofauti ni kwamba msanii akipoteza matabaka yake amepoteza jioni moja ya kazi, lakini mchambuzi wa ardhi akiyapoteza yake, huenda mtu mwingine akapoteza shamba.

Wala si shamba pekee. Ipo hatari moja ambayo kila apimaye ardhi katika Kenya anapaswa kuifahamu. Ramani zetu nyingi za karatasi zilichorwa kwa kufuata kipimo cha umbo la dunia kiitwacho Arc 1960. Setilaiti, na hata simu iliyo mfukoni mwa mtu, hufuata kipimo kingine kiitwacho WGS 84. Vyote viwili ni halali, lakini nukta moja ya ardhi haina namba sawa katika vipimo hivyo. Mtu akiyalaza matabaka mawili bila kuiambia programu kila moja limefuata kipimo kipi, ramani zitaachana kwa karibu mita 300. Mto utaonekana ukipanda ubavuni mwa kilima. Katika picha ya bara zima kosa hilo halionekani. Katika ugomvi wa mpaka kati ya jirani na jirani, mita 300 ni mashamba kadhaa. Ubaya wake ni kwamba programu hailalamiki. Huionyesha picha iliyopotoka kwa uzuri ule ule inaoionyeshea iliyonyoka. Kwa hiyo habari ya kipimo yatakiwa ifuatane na tabaka lenyewe, kama vile barua ya utambulisho inavyofuatana na mgeni.

Ajali iliyotokea tarehe 31 Mei, 2003, ilileta jaribio la namna nyingine. Setilaiti ya Landsat 7, iliyorushwa mwaka 1999, ilikuwa na kifaa cha kusawazisha mistari ya picha ili isiachane wakati chombo kikisonga mbele. Kifaa hicho kikavunjika. Tangu siku ile kila picha ilikuja na michirizi mitupu, myembamba karibu na katikati na mipana kuelekea pembeni, kama mgongo wa punda milia. Karibu asilimia 22 ya kila picha ilikuwa haipo.

Wataalamu hawakuitupa setilaiti. Walichukua picha ya mahali pale pale ya siku nyingine wakailaza chini, ili ionekane kupitia michirizi mitupu. Ilikuwa hila nzuri na imefaa sana. Lakini tufikirie mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia. Picha ya juu ikiwa ya Julai, mahindi yamesimama mabichi. Picha ya chini ikiwa ya Februari, ardhi imelimwa na iko wazi. Mtu akiziunganisha na kuzibana ziwe picha moja, atapata shamba lenye mistari ya ukame ambao haukuwapo kamwe. Mwingine atakayeipokea picha ile mwaka ujao atahesabu ekari za mahindi yaliyokufa, na hesabu yake itakuwa safi kabisa. Ndiyo maana pamoja na picha hizo kulitolewa tabaka jingine lisilo na uzuri wowote, lenye kazi moja tu ya kusema: punje hii ilionwa, na punje hii haikuonwa. Mimi naliona tabaka hilo kuwa la thamani kuliko mengi yenye rangi. Ni shahidi asiyekubali kusema aliyoyasikia kana kwamba aliyaona.

Kumbukumbu yaweza kupotea pia pasipo mtu kubana chochote. Mfumo ule wa Kanada ulifanya kazi kwa miaka mingi, ukakusanya ramani za nchi yao kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Katikati ya miaka ya 1990 ulifungwa. Habari zake zilibaki katika kanda za sumaku, zimeandikwa kwa utaratibu ambao hakuna mashine nyingine iliyoujua. Kanda zilikuwapo, zilishikika kwa mikono, lakini ziligeuka kama maandishi ya lugha iliyokufa. Watu wa hifadhi ya nyaraka za taifa, wa idara ya takwimu na wa wizara ya kilimo walishirikiana na mafundi wa zamani waliokumbuka jinsi mfumo ulivyoandika namba zake, na hatimaye, mwishoni mwa miaka ile, wakaweza kuzisoma tena. Lau wazee wale wangekuwa wamekufa, na vitabu vyao vya maelezo vimechomwa, nchi ingelazimika kuipima upya ardhi iliyokwisha kuipima kwa gharama kubwa. Tabaka na maelezo yake ni vitu viwili, na cha pili ndicho watu wanachokitupa kwanza.

Tumalizie nyumbani, kwa jambo lililogusa uhai wa watu. Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Mwaka uliofuata Daubney, Hudson na Garnham walichapisha habari za ugonjwa huo uliokuwa haujaelezwa bado, nao ukaitwa homa ya Bonde la Ufa. Huua ndama na wanakondoo, hutoa mimba za mifugo, na kwa mwanadamu waweza kuleta kutokwa na damu na kifo. Ulikuwa na tabia ya ajabu: ulizuka, ukatoweka kwa miaka mingi, kisha ukarudi ghafula. Ulikuwa umejificha wapi?

Jibu lilikuwa matopeni. Katika vibonde visivyo na njia ya kutolea maji, mbu wa jamii fulani hutaga mayai yao katika udongo, na watafiti waliofanya kazi Kenya katika miaka ya 1980 walionyesha kwamba virusi hukaa ndani ya mayai hayo. Mayai hungoja, pengine miaka. Mvua ikinyesha kupita kiasi na vibonde vikafurika, mayai huanguliwa, na ugonjwa hutoka pamoja na mbu. Basi anayetaka kuujua ujio wa homa hana budi kutazama vibonde. Lakini nani awezaye kuvitazama vibonde vyote vya Garissa, Wajir na Ijara?

Setilaiti za hali ya hewa ziliweza. Pikseli zake ni kubwa, kilomita nzima na zaidi, hata boma zima humezwa ndani ya punje moja. Ila hupita kila siku. Kuanzia mwaka 1981 picha zake ziligeuzwa kuwa tabaka la ukijani kwa hesabu ile ya infraredi na nyekundu, mwezi baada ya mwezi, na kuhifadhiwa kwa utaratibu mmoja. Yafaa tutue hapa kidogo. Picha ya ukijani ya Desemba moja haisemi lolote. Kaskazini Mashariki huwa kijani kidogo baada ya mvua za vuli, nalo ni jambo la kawaida. Ili mtu aseme kwamba ukijani huu umezidi, ni lazima awe na Desemba nyingine nyingi za kulinganisha, zilizopimwa kwa njia ile ile, kila moja imekaa mahali pake. Onyo halitoki katika tabaka la juu. Latoka katika yale yaliyo chini yake.

Kenneth Linthicum, Compton Tucker na wenzao walichapisha mwaka 1987 habari za kutumia picha hizo kutambua dalili za homa hiyo katika Kenya. Mwaka 1999, baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 na maafa yaliyoyafuata, walionyesha kwamba tabaka la ukijani likiunganishwa na matabaka ya joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Bahari ya Pasifiki, mlipuko waweza kutabiriwa miezi kadhaa mbele. Msomaji ataona jinsi mambo yalivyokutana: majani ya Garissa, na maji ya bahari iliyo upande wa pili wa dunia, yamelazwa katika meza moja.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2006 bahari zikapata joto, mvua za vuli zikazidi, na ramani zikaanza kuonyesha ukijani usio wa kawaida katika Kenya, Somalia na Tanzania. Maonyo yakatolewa kabla wagonjwa wa kwanza hawajatambuliwa huko Garissa katika mwezi wa Desemba. Kwa mara ya kwanza homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imetabiriwa kabla ya kuzuka. Hata hivyo barabara zilikuwa zimekatwa na mafuriko, na dawa za chanjo hazikuwa zimewekwa tayari. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wakiwa wamekwisha kuanza kufa. Hadi mlipuko ulipotulia, watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki katika Kenya peke yake, na wafugaji walikuwa wamepoteza mifugo, na pamoja nayo masoko, maana uchinjaji na biashara ya wanyama vilipigwa marufuku.

Desemba ile ya 2006 nayo imehifadhiwa. Iko katika safu pamoja na Desemba nyingine, na namba zake hazijaguswa. Homa ilipozuka tena katika Wajir mwaka 2018, ilikuwa mojawapo ya miaka ambayo mvua na majani ya mwaka huo yaliweza kulinganishwa nayo.